Chanjo ya Siku ya Tatu

Siku ya nane tangu achanjwe, mkono wa Adelina ulikuwa safi kama siku aliyozaliwa.

Mama yake, Auleria, ndiye aliyeuona kwanza, naye aliuona kwa furaha. Alikuwa akimwogesha uani katika beseni la bati. Alimgeuzia mtoto juani, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo minne ya sindano, ambayo sasa ilikuwa imebaki mistari myeupe tu, akamwita mumewe.

"Baba Adelina, njoo uone. Hata lengelenge moja hana. Wala homa hakuipata. Watu wote wangekuwa na ngozi kama hii, kazi yako ingekuwa nyepesi."

Revelian alikuja na kiatu kimoja mguuni. Aliushika mkono wa binti yake juu ya kiwiko, akainama, akaivuta ngozi kwa vidole viwili. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa kuwa mchanjaji wa serikali, saba Bukoba na miwili Dar es Salaam, na alijua mkono unavyopaswa kuwa. Chanjo iliyoshika hutoa kipele siku ya tatu au ya nne. Siku ya nane kipele hicho huwa lengelenge lenye kitovu katikati na wekundu pembeni, na mtoto hulia akiguswa. Asiyepata hayo hajakingwa. Amekwaruzwa tu.

"Vipi?" Auleria aliuliza.

"Siku ile ulimwosha mkono?"

"Wewe mwenyewe ulinikataza. Nilimwosha kesho yake jioni."

"Hukumpaka kitu?"

"Nimpake nini, mke wa mchanjaji?"

Revelian aliuachia mkono. Adelina alipiga maji kwa kiganja, akacheka. Baba yake alirudi kizingitini kuvaa kiatu cha pili.

* * *

Ndui ilikuwa imeingia Kunduchi mwezi wa Januari, mwaka 1944. Serikali iliweka kizuizi katika njia ya pwani, askari wawili na ubao uliopakwa chokaa, ikaamuru kila mtu aliyekaa kati ya Kunduchi na mji achanjwe na kupewa cheti. Asiye na cheti hapiti na samaki, hapiti na nazi, hapiti na mgonjwa. Mwananyamala alipewa Revelian. Kwa siku sita alichanja watu elfu moja mia tatu na kumi na wawili kando ya duka la Hamoud bin Zahor, Mwarabu ambaye babu yake ndiye aliyelijenga.

Idadi ndiyo iliyotakiwa ofisini. Daftari la kazi lilikuwa na safu ya jina, safu ya umri na safu ya namba ya cheti. Zamani lilikuwa na safu ya nne, ya kukagua mkono siku ya nane, lakini iliondolewa vita vilipopamba moto, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu na petroli adimu zaidi. Mchanjaji anayerudi kukagua, waraka ulisema, ni mchanjaji asiyechanja kwingine.

Siku ya tatu ya kazi ile alikuja mwandishi wa gazeti la serikali pamoja na mpiga picha. Watu walikuwa wachache asubuhi hiyo, maana ilikuwa imevuma kwamba sindano inakausha uzazi. Revelian alimtuma mtu nyumbani, akaletewa Adelina, akamchanja mbele ya wote. Picha ilipigwa hapo hapo. Baada ya picha foleni ilifika hadi kwenye mikorosho.

Mwandishi akaona kipande cha mgomba kilichofungwa kamba, kimewekwa kivulini.

"Na hiki chakula cha mchana?"

"Hilo ndilo sanduku langu la baridi, bwana."

Akamweleza. Dawa ya chanjo hukaa katika vichupa vya kioo vyembamba kama bua la mpunga, nayo haipendi joto. Barafu ya mjini ilikwenda kwanza kwa askari na hospitali. Kule Bukoba mkuu wake wa kwanza alimfundisha kukata mgomba mbichi, kuutoboa, kuvipenyeza vichupa ndani na kuziba kwa ganda lake. Maji ya mgomba huviweka baridi wiki nzima. Kwa miaka saba hakupoteza hata kichupa kimoja. Mwandishi aliipenda habari hiyo kuliko zote, akajaza kurasa mbili za kitabu chake.

* * *

Siku ile aliyouona mkono wa Adelina, Revelian alianza kubisha milango ya majirani. Wa kwanza alikuwa Mwajabu, muuza vitumbua, ambaye mumewe alikuwa vitani na ambaye askari walilazimika kumfuata ili alete watoto.

"Karibu, Bwana Ndui," alisema Mwajabu bila kuacha kupuliza moto. "Leo huna askari?"

"Leo natazama tu, dada."

"Kutazama hakuhitaji cheti?"

Revelian aliwapanga watoto watatu wa Mwajabu ukutani. Mdogo, Kibwana, wa miaka minne, aliutoa mkono kabla hajaambiwa, akafumba macho. Mikono yote mitatu ilikuwa safi.

"Umeridhika?" Mwajabu aliuliza. "Au unataka kuchonga tena?"

Dukani Hamoud alikunja mkono wa kanzu. Yeye alichanjwa siku ya kwanza, na lengelenge lake lilikuwa kubwa, lina kitovu, limezungukwa na wekundu. "Hili linanivuta mpaka kwapani. Nimekulaani mara tano, nikaomba toba mara sita." Mkewe Wahiba, aliyekuwa ametoa mkono kupitia penye pazia siku ya tatu, alijibu kutoka ndani, "Mwambie kwangu hakuna kitu, alhamdulillahi."

Hata kufikia adhuhuri Revelian alikuwa ameona mikono sitini na mitatu. Wa siku ya kwanza walikuwa kumi na wanne, na kumi na watatu chanjo ilikuwa imewashika. Wa siku ya pili walikuwa kumi na mmoja, ikawashika sita. Wa siku ya tatu hadi ya sita walikuwa thelathini na wanane. Hakushikwa hata mmoja.

Alirudi nyumbani, akakata mgomba nyuma ya choo, akautoboa, akatia kipimajoto alichokuja nacho kutoka Bukoba, akaziba, akauweka kivulini. Baada ya saa tatu alikitoa. Kilisoma nyuzi themanini na sita za Fahrenheit. Bukoba, saa kama hiyo, hakikuwahi kupita sabini. Mgomba haukuwa na kosa. Mgomba hutunza baridi iliyopo, na Dar es Salaam mwezi wa Februari haina baridi ya kutunzwa.

Alitoa watu mia mbili na kumi na wanne wa siku mbili za kwanza katika jumla yake. Wakabaki elfu moja na tisini na wanane, kila mmoja na cheti chake.

* * *

Kesho yake aliketi kwenye benchi la nje la ofisi ya afya tangu saa mbili hadi saa tano na nusu. Mara mbili tarishi alimwomba asogee ili apitishe meza. Alipoitwa ndani, kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili, naye hakuambiwa ayaondoe.

Ansbert, msimamizi wa wachanjaji, alikuwa Mhaya mwenzake na ndiye aliyemwombea uhamisho wa kuja pwani. Alikuwa na karatasi ya gazeti ambayo wino wake bado ulinuka.

"Umekuja kwa wakati, mdogo wangu. Linatoka kesho." Alisoma kichwa cha habari kwa sauti: "Akili ya Mchanjaji Yaokoa Dawa. Na hapa chini: wachanjaji wa wilaya nyingine waombwa kuiga. Nimekwisha kupeleka jina lako upandishwe daraja."

"Bwana, dawa haikuokoka."

Ansbert alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mjinga. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi.

"Umeona mikono mingapi?"

"Sitini na mitatu."

"Katika elfu moja na mia tatu."

"Ndiyo, lakini kuanzia siku ya tatu..."

"Nimesikia. Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu ameuona mkono wa mtoto. Maana yake haijui."

Ansbert aliikunja ile karatasi pole pole. "Gazeti limekwisha kuchapwa. Bwana Daktari ameandika kizuizi kiondolewe Jumatatu, na ametumia hesabu yako kuandika hivyo. Unataka nimwambie nini? Kwamba hesabu ni sahihi ila dawa ilikuwa maji?"

"Ndivyo ilivyo, bwana."

"Na watu je? Uliona mwenyewe walivyoletwa. Ukiwaambia sindano ya kwanza ilikuwa bure, ya pili nani atakupa mkono? Utawakosa mwaka huu, utawakosa mwakani, na ndui ikija tena hutampata hata mmoja. Rudi kazini. Nitalifikiria."

Revelian alirudi kwa baiskeli akiipima hoja hiyo njia nzima, maana haikuwa hoja nyepesi. Alipofika nyumbani alikuwa ameona kasoro yake. Ililinda jina la chanjo. Mtu haikumlinda.

Hata hivyo alikaa kimya. Alijiambia kwamba kumtangazia mtu hatari ambayo huna dawa yake ni kumtisha bure. Kwanza dawa ipatikane, kisha maneno. Jioni hiyo aliandika barua rasmi ya kuomba vichupa vipya. Kabla ya mwezi kuisha aliandika nyingine mbili. Hakuna iliyojibiwa.

* * *

Jumapili baada ya misa alikuja Gozbert, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye alikuwa mchanjaji Kibamba. Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga kipande cha mgomba kilichotobolewa vizuri.

"Shikamoo, mtu wa gazetini."

"Acha upuuzi. Umebeba nini?"

"Nimebeba akili yako. Kibamba nzima wamenisomea. Kesho naanza na vichupa mia moja. Mpaka mke wangu ananiuliza mbona picha haikuwa yangu."

Revelian alimpeleka uani, akatia kipimajoto katika mgomba ule, wakala chakula, wakarudi kukitazama. Gozbert alikisoma mara mbili, cheko likamtoka usoni.

"Mgomba wa huku mbovu," alisema.

"Hakuna mgomba mbovu."

"Wewe vyako vyote?"

"Vyote, tangu siku ya tatu."

Gozbert aliketi juu ya kinu. "Basi mimi vyangu navirudisha mjini leo hii. Na wa Kisarawe je? Wa Rufiji? Nao wanasoma gazeti. Nani atawapelekea kipimajoto?"

"Nitawaandikia ninaowajua."

"Unawajua wangapi?"

"Watano."

Auleria alikuwa akichambua mchele mlangoni. Gozbert alipoondoka aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo mwanangu hana kitu."

"Hana."

"Na picha yake imebandikwa dukani kwa Hamoud. Watu walileta watoto wao kwa sababu yake huyu."

"Najua."

"Unajua," alisema Auleria, akauchukua tena ungo wake. Tangu siku hiyo alikwenda kuchota maji kisima cha mbali, ambako hakuna aliyemsifu kwa ushujaa wa binti yake.

* * *

Kizuizi kiliondolewa Jumatatu. Wauza samaki wa Kunduchi wakaanza tena kupita, kila mmoja na cheti kilichofungwa katika pindo la khanga. Mmoja wao, Mauwa, alikuwa na kawaida ya kupumzika barazani kwa Mwajabu na kumwachia dagaa kwa vitumbua. Alhamisi ya wiki ile alifika akitetemeka, kichwa kinamgonga, mgongo unamvunja. Alikuwa amechanjwa na Revelian siku ya tano.

"Ni malaria," alisema Mauwa. "Cheti ninacho."

Kwa kuwa alikuwa na cheti, Mwajabu hakuogopa. Alimkorogea uji, akamtandikia mkeka wa watoto, akamlaza siku mbili. Vipele vilipotoka, jamaa zake walikuja na machela, wakamrudisha kwao.

Siku kumi na mbili zilipita. Kibwana akashikwa na homa.

Revelian aliitwa siku ya nne. Alimkuta Kibwana amelala akitazama dari, vipele vimejaa usoni na viganjani, vigumu kama punje za mtama chini ya ngozi. Hakuhitaji kuvihesabu. Sheria ilimtaka aripoti, akaripoti. Gari la karantini lilimchukua Kibwana pamoja na mama yake. Ndugu zake wawili walipelekwa kwa shangazi yao, wakitazamwa kila siku kama watapata homa. Askari wakatoa mikeka na nguo nje, wakavitia moto. Mwajabu alipanda garini mwenyewe. "Bwana Ndui," alimwambia, "si ulisema ameshakingwa?"

"Nilisema, dada."

Gari likaondoka.

* * *

Safari hii hakuketi kwenye benchi. Ansbert alimsubiri mlangoni, na kiti cha wageni kilikuwa kitupu. Mezani palikuwa na sanduku la bati lenye vichupa, na kando yake karatasi iliyopigwa taipu.

"Keti. Bwana Daktari anataka kujua imekuwaje mwenye cheti akaugua. Hapa yako maelezo yanayoweza kupita."

Revelian aliisoma. Ilisema kwamba yeye, mchanjaji wa Mwananyamala, amethibitisha kwamba wenyeji wengi walifuta chanjo kwa ndimu na majivu mara baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo anaomba dawa ya marudio.

"Sikuona ndimu, bwana."

"Umewahi kuiona kwingine?"

"Niliwahi kuiona Muleba, mara moja."

"Basi ipo." Ansbert alisema bila ukali. "Sikiliza. Karatasi hii ikipita, sanduku hili linatoka leo. Karatasi ya mgomba ikipita, kutakuwa na uchunguzi, na katika uchunguzi sanduku halitoki mpaka umekwisha. Mwezi mmoja. Miwili. Wewe ni mtu wa hesabu. Piga."

Revelian alipiga. Watu elfu moja na tisini na wanane, mwezi mmoja, na ndui tayari katika nyumba tatu. Alichovya kalamu, akatia sahihi.

Alipitia dukani kwa Hamoud na sanduku mbele ya baiskeli. Mbele ya duka, chini ya gunia na vumbi la mbao, palikuwa na kasha la barafu ambayo binamu wa Hamoud alimletea kila asubuhi kutoka mjini kwa ajili ya soda.

"Bwana Hamoud, nina ombi. Nipe nafasi humo ndani, ya vichupa hivi."

Hamoud alitazama sanduku, akatazama kasha. "Miaka miwili unapita mbele ya kasha hili."

"Nililiona ni la soda."

"Na mie nikauona mgomba wako nikasema, Wahaya bwana, ndizi mpaka kazini." Aliondoa soda sita, akaziweka juani. "Tia. Waliozoea baridi leo watakunywa moto."

Kwa siku tisa Revelian alichanja upya. Hakukuwa na haja ya askari. Nyumba tatu zenye ndui ziliwaleta watu wenyewe. Walipouliza kwa nini mara ya pili, aliwaambia serikali imeamuru marudio, nao hawakuuliza zaidi. Adelina alichanjwa nyumbani, bila picha. Siku ya nane lengelenge lake lilikuwa na kitovu, naye alilia usiku kucha, na Auleria akamwimbia. Revelian alichora mwenyewe safu ya nne katika daftari kwa rula na penseli, akamkagua kila mtu. Chanjo ilishika kwa watu tisini na watatu katika kila mia.

Waliougua wote walikuwa tisa. Walikufa wanne. Kibwana alikuwa wa kwanza, kambini, siku ya kumi na moja ya homa yake.

* * *

Mwisho wa Machi, siku ya Jumamosi, gazeti lilifika dukani kama kawaida. Hamoud alisoma herufi za Kiarabu bila taabu, za Kizungu zilimchosha. Kwa hiyo msomaji alikuwa Revelian. Watu saba au wanane walikuwa wamekaa barazani. Mwajabu alikuwa amerudi kutoka karantini siku mbili kabla, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje. Alikuja kununua chumvi. Wakampisha penye kivuli, naye akaketi.

Revelian alisoma habari za vita, bei ya mkonge, na mpira wa miguu. Ukurasa wa nne aliutazama, akataka kuugeuza.

"Hapo pana jina letu," alisema Hamoud, aliyekuwa akichungulia begani kwake. "Mwananyamala nalijua hata kwa Kizungu. Soma."

Akasoma, bila kuruka neno.

"Waliofuta Chanjo Wayaona Matunda Yake. Mchanjaji wa Mwananyamala amethibitisha kwamba baadhi ya wenyeji, kwa ujinga na kwa kusikiliza waganga, walipaka ndimu na majivu juu ya chanjo mara alipogeuka. Wanne kati yao wamekufa. Serikali ilitoa dawa, serikali ilitoa vyeti. Lakini serikali haiwezi kukaa mlangoni mwa kila mtu kuzuia ndimu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mtu mmoja alicheka. "Ndimu mwaka huu ziko wapi? Hata za pilau hatujaziona."

"Waganga nao wamepakaziwa," alisema mwingine. "Mganga wetu hapa alichanjwa wa pili."

Mwajabu alingoja wanyamaze. "Hao wanne," alisema. "Kibwana yumo?"

"Yumo, dada."

"Mie nilimpaka mwanangu ndimu?"

"Hukumpaka."

"Wao nani kawaambia?"

Revelian alilikunja gazeti, akaliweka juu ya goti. "Mimi. Karatasi ililetwa imekwisha kuandikwa, nikaitia sahihi. Hakuna aliyepaka ndimu hapa. Dawa ilikufa kwa joto mikononi mwangu, ndani ya mgomba. Waliochanjwa siku ya kwanza ilikuwa nzima. Tangu siku ya tatu ilikuwa maji matupu, na vyeti nikaendelea kuvitoa. Mlipochanjwa tena, ilikuwa kwa sababu hiyo."

"Na Wahiba?" aliuliza Hamoud polepole.

"Naye. Na Adelina wangu."

Mwajabu alikuwa akifunga chumvi katika pindo la khanga, akaifungua, akaifunga tena.

"Uliniletea macho yako kwangu asubuhi moja," alisema. "Ukawapanga wanangu ukutani. Siku ile ulikuwa umejua?"

"Nilikuwa naanza kujua. Jioni nilijua."

"Mauwa kalala kwangu lini?"

Revelian alihesabu, ingawa hakuhitaji. "Wiki moja baada ya hapo."

"Wiki."

"Ndiyo."

"Nyumba yako na yangu ni hatua ngapi?"

Hamoud alitaka kusema neno la kusuluhisha, Mwajabu akamzuia kwa mkono.

"Gazeti hilo," alisema Mwajabu, "barua hupelekewa na wakubwa tu?"

"Mtu yeyote anaweza kulipelekea. Kuichapa au kutoichapa ni juu yao."

"Ukiiandika watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Iandike. Hapa hapa, tukikuona."

Hamoud aliingia ndani, akarudi na kipande cha karatasi ya kufungia sukari na kalamu ya risasi. Revelian aliilaza karatasi juu ya gazeti. Aliandika: *Mimi, Revelian, mchanjaji wa serikali*, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa Mwajabu hakujua kusoma.

"Usianze na wewe," alisema Mwajabu. "Anza na yeye."

Revelian aliukata mstari ule. Aliandika chini yake *Kibwana bin Mbaraka*, akauliza umri, ingawa aliujua.

"Minne. Wa tano angeuingia mfungo mosi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika na cheti alikuwa nacho. Kambini wamekichoma pamoja na mkeka wake." Alisimama, akajitanda khanga. "Namba unayo wewe."

Revelian alikuwa nayo. Akaiandika.